Wazee Tufanye Mazoezi kwa Pamoja

Njia zetu za Upare ni za kupanda na kushuka. Kupanda kwenda Suji au Chome si sawa na kutembea Same mjini. Mzee miguu ikilegea, anaacha kwenda shambani, kanisani au msikitini. Anabaki kukaa tu. Kumbe kukaa ndiko kunakozidi kuilegeza! Siku akiinuka, huenda akaanguka na kuvunjika nyonga.

Kinga yake ni mazoezi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kutia nguvu na ya kuzuia kuyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Sisi wa Upare tunao msaragambo. Kuchimba ndiva peke yako huwezi. Tukiwa wengi kazi inakuwa nyepesi. Mazoezi nayo ni hivyo hivyo. Tukutane majirani, tufanye haya:

1. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta. Simama, kaa tena, mara 5.
2. Shika ukuta. Simama kwa mguu mmoja, hesabu hadi 10. Badilisha mguu.
3. Tembea polepole kando ya ukuta, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Mwenzako awe karibu.

Tuanze kidogo, tuongeze taratibu. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha, nenda zahanati.

Maswali
1. Kwa nini kukaa tu ni hatari?
2. Kijijini kwenu nani atawaita wazee?