Nguo Isiyobana Ndiyo Yenye Joto

Asubuhi ya kipupwe, kabla jua halijapanda, mtazame kuku aliye nje. Amesimama kwa mguu mmoja, amejikunyata, na manyoya yake yote ameyatutumua hata aonekana mkubwa kuliko alivyo. Jua likipanda, manyoya hulala, naye hurudia umbo lake la kila siku. Je, kuku huyu aliongeza nguo? Hakuongeza hata unyoya mmoja. Aliongeza nafasi tu kati ya unyoya na unyoya, na katika nafasi hiyo mlikuwa na hewa. Katika somo hili tutaona jinsi wanadamu nao walivyojifunza hekima hiyo ya kuku, na jinsi ilivyookoa maisha yao katika nchi za baridi kali.

Kwanza tufahamu kazi ya nguo. Watu wengi hudhani ya kuwa blanketi lina joto lake lenyewe. Sivyo. Ukilifunika jiwe baridi kwa blanketi usiku kucha, asubuhi utalikuta baridi vile vile. Joto hutoka mwilini mwetu. Mwili wa mtu mwenye afya huwa na joto la digrii 37 za sentigredi hivi, na chakula ndicho kuni za moto huo. Nje kukiwa na baridi, joto hilo hutafuta njia ya kutoka, kama maji yatafutavyo njia ya kuteremka. Kazi ya nguo ni kulizuia lisitoke upesi. Na kizuizi kilicho bora si uzi wenyewe, bali ni hewa iliyotulia kati ya uzi na uzi, na kati ya nguo na nguo. Hewa ikitulia, joto huipita kwa shida. Lakini ikisukumwa na upepo, hulichukua joto ikaenda nalo.

Fikirini mto wa sufi. Ukiwa mpya umefura na ni laini. Ukilaliwa miaka mingi, sufi hushikamana, na mto huwa kama ubao. Uzito wake ni ule ule, ila hewa imetoka. Ndivyo ilivyo nguo ya sufu ikivaliwa kwa kubana: hewa yake imekamuliwa. Tena kubana kuna dhara la pili. Damu ndiyo ichukuayo joto kutoka kifuani hata ncha za vidole. Kiatu kikibana, au kamba ikikazwa juu ya kifundo, damu hupita kwa taabu, na kidole kisichopata damu ya kutosha huwa cha kwanza kuganda.

Watu waliolifahamu jambo hili tangu zamani ni Wainuit, ambao vitabu vya kale viliwaita Waeskimo. Nchi yao iko kaskazini ya dunia, katika Greenland, Kanada na Alaska. Huko wakati wa majira ya baridi, mahali pengi jua halionekani kwa majuma kadhaa, na baridi huweza kufika digrii 40 chini ya sifuri. Bahari yenyewe huganda, watu wakapita juu yake. Siku hizi Wainuit wengi huvaa nguo za dukani, lakini ustadi wa mavazi ya ngozi haujapotea.

Vazi lao la asili lilishonwa kwa ngozi ya karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu. Nywele za mnyama huyu zina uwazi ndani uliojaa hewa. Mtu alivaa makoti mawili: la ndani manyoya yalielekea mwilini, la nje manyoya yalielekea nje. Yote mawili yalikatwa mapana, hata mtu aliweza kuutoa mkono wake katika mkono wa koti na kuupasha moto kifuani, bila kulivua. Lakini msidhani ya kuwa vazi lilikuwa wazi kama shuka. Halikupasuliwa mbele, na kofia yake ilishonwa pamoja na koti, ikaufunika uso pande zote, maana hewa ya moto hupanda juu na kutokea shingoni. Upana ulikuwa ndani, na milango ilifungwa.

Mwindaji aliyemngoja sili penye tundu la kupumulia katika barafu alisimama kimya kwa muda wa saa nyingi. Hakuwa na moto, wala hakuweza kupiga miguu chini, kwa sababu sili angesikia na kukimbia. Kama mshono mmoja umeachia, upepo uliingia. Huenda akarudi na vidole vilivyokufa, au asirudi kabisa, na watoto wake wakalala na njaa. Kwa hiyo sindano ya mama ilikuwa na kazi sawa na chusa cha baba. Na mama mwenyewe, aliyembeba mtoto mgongoni kama mama zetu wafanyavyo, alimtia ndani ya koti lake, lililokatwa pana sana nyuma, ili joto la mwili mmoja liwatoshe wawili.

Mwaka wa 1903 msafiri wa Norway, Roald Amundsen, alifika kwao kwa merikebu ndogo iitwayo Gjøa. Alikaa karibu na Wainuit wa kabila la Netsilik kwa muda upatao miaka miwili. Hakuona haya kuwa mwanafunzi wao. Aliwauliza namna ya kuendesha mbwa, kujenga nyumba ya theluji, na kuvaa. Baadaye alipokwenda kuitafuta Ncha ya Kusini ya dunia, alichukua mavazi ya manyoya yaliyokatwa mapana kwa mfano ule. Na viatu vyao vilipoonekana kuwa vigumu na vyembamba, yeye na wenzake walivifumua na kuvipanua, ili miguu ipate nafasi pamoja na soksi zake. Tarehe 14 Desemba 1911 watu watano walifika kwenye Ncha, na wote watano walirudi salama.

Kapteni Robert Scott wa Uingereza na wenzake wanne walifika hapo tarehe 17 Januari 1912. Nao wote walikufa njiani wakirudi. Si haki kusema ya kuwa nguo peke yake iliwaua. Chakula chao kilipungua, safari ilikuwa ndefu, na walivuta magari yao ya theluji kwa mabega yao wenyewe. Lakini mtu avutaye mzigo mzito hutoka jasho, na jasho katika baridi ni adui mkubwa, maana maji hushika mahali pa hewa ndani ya nguo, na joto likatoroka upesi. Ndiyo sababu Muinuit aonapo joto linazidi hulegeza kofia yake mara moja, wala hangoji kulowa.

Hata penye baridi ndogo zaidi kanuni ni ile ile. Katika vita vilivyoanza mwaka wa 1914, maelfu ya askari walisimama ndani ya mahandaki yenye maji huko Ufaransa na Ubelgiji. Miguu yao ilivimba na kuoza, wengine wakakatwa. Walipofundishwa kulegeza viatu na vitambaa vilivyofungwa miguuni, na kubadili soksi mara kwa mara, ugonjwa ule ulipungua.

Je, sisi tusioishi penye theluji, somo hili latufaa nini? Wenzetu wa Makete, Njombe na Kinangop hujua asubuhi ambazo jalidi huwa nyeupe juu ya majani. Basi, shikeni haya. Nguo mbili nyepesi zina joto kuliko moja nzito. Ile ya juu na iwe pana kuliko ya ndani, isije ikaikandamiza. Fungeni shingoni na mikononi pasipokaza. Msivae soksi mbili katika kiatu kinachotosha moja. Nguo ikilowa, ibadilisheni. Wala msiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa mkalala, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu, na imewaua wengi usingizini.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Msafiri aliyeuliza alifika na kurudi.

MASWALI

1. Kuku hufanya nini asubuhi ya baridi, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini blanketi halilipashi jiwe moto?
3. Taja madhara mawili ya nguo ya kubana.
4. Eleza maana ya maneno haya: "Upana ulikuwa ndani, na milango ilifungwa."
5. Kwa nini jasho ni adui katika nchi ya baridi?