Mizani Ndani ya Jani

Baadhi ya ndugu waliojiunga nasi karibuni huuliza: "Mwenye kipato kidogo akitoa katika njia ya Mungu, je, hatapungukiwa?" Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Hebu tulitazame jani bichi.

Ndani ya seli za jani mna vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti, ambamo nguvu ya jua hutumika kutengeneza sukari. Kila kijumba kimezungukwa na tando mbili. Ule wa nje una matundu yapitishayo vitu vidogo. Ule wa ndani haupitishi sukari ila kwa mlango maalumu. Mlango mkuu ni protini itoayo sukari ndogo iliyofungamana na fosfati, na badala yake huingiza fosfati: kimoja kwa kimoja.

Wataalamu walizitoa kloroplasti katika majani ya spinachi wakazijaribu. Zilipokosa fosfati, kazi ilizorota, kwa kuwa hapakuwa na cha kupokea badala ya kinachotolewa. Fosfati ilipozidi mno, kazi ilizorota vilevile, kwa kuwa sukari ilivutwa nje kupita kiasi. Maana katika kila sehemu sita za sukari hiyo, tano hazina budi kubaki ili kazi iendelee. Moja tu ndiyo ziada.

Usiku, wanga uliowekwa akiba huvunjwa na kutolewa hasa kwa mlango mwingine, uliotambuliwa mwaka 2004. Mmea usio na mlango huo hudumaa, na hali ghala yake imejaa!

Kurani Tukufu si kitabu cha elimu ya mimea. Lakini katika Sura Ar-Rahman Muumba anaitaja mizani aliyoiweka, na kutukataza kuipita. Na katika Sura Al-Furqan anawasifu watumishi wake ambao katika kutoa hawafanyi israfu wala ubahili. Jani hutii bila hiari. Mwanadamu ameachiwa achague.

Basi jibu ni hili: Islam haikuamuru uwaache watoto wako na njaa. Zaka ya fedha ni sehemu moja katika arobaini, tena kwa mwenye kutimiza kiwango, asiyekitimiza hadaiwi. Lakini anayefunga mlango kabisa asidhani amejilinda.

Mwenyezi Mungu atujalie mikono yenye kutoa kwa kipimo. Amin.