Tendi za Kale za Kigiriki Katika Burudani za Leo: Maswali na Majibu

Kwa watahiniwa wa Kidato cha Nne wa Nkubu na Imenti Kusini kwa jumla wanaojiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Funika jibu kwanza, ujaribu mwenyewe, kisha ulinganishe.

1. Eleza maana ya urejelezi. (alama 2)
Ni mbinu ya msanii kumtaja au kumgusia mtu, tukio au kazi nyingine inayojulikana, ili hadhira iihusishe na jambo analolisimulia. Alama ya kwanza ni ya kutambua kinachorejelewa. Ya pili ni ya kueleza kinafanya kazi gani pale kilipowekwa. Wengi huipoteza hii ya pili.

2. Taja tendi mbili za Homer na kiini cha kila mojawapo. (alama 4)
- *Iliad*: hasira ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, katika mwaka wa kumi wa vita vya Troy. Utendi huishia kwa mazishi ya Hektor, shujaa wa Troy.
- *Odyssey*: Odysseus anahangaika miaka kumi akirudi kwao Ithaca baada ya vita hivyo.

*Tahadhari:* Usiandike kwamba farasi wa mbao yumo katika *Iliad*. Anatajwa katika *Odyssey*, na kisa chake kirefu kimo katika *Aeneid*, utendi wa Kilatini wa Virgil. Kifo cha Achilles pia hakisimuliwi katika *Iliad*.

3. Kwa mifano mitatu, onyesha jinsi mashujaa na visa vya vita vya Troy vinavyorejelewa leo. (alama 6)
(a) *Kompyuta.* Programu haribifu iitwayo Trojan hujifanya kitu cha manufaa. Mtu yuko saiba sokoni Nkubu, anapakua programu ya kutazama filamu bila malipo. Ndani yake mna mwizi wa nywila. Jina linaonya kwamba adui ameingizwa na mwenye nyumba mwenyewe, kama Watroy walivyomkokota farasi wa mbao, aliyeficha askari tumboni, hadi ndani ya ngome.
(b) *Kandanda.* Klabu ya Ajax ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka wa 1900, ilichukua jina la shujaa mwenye ngao kubwa kama ukuta, aliyepigana na Hektor mpaka usiku ukawatenganisha bila mshindi. Jina linaipa timu sifa ya kutotikisika.
(c) *Riadha.* Kano nene inayounganisha msuli wa nyuma ya mguu na kisigino huitwa kano ya Achilles. Ikikatika, hata bingwa wa mbio hukaa nje kwa miezi. Jina linakumbusha kwamba mwenye nguvu naye, kama Achilles kisiginoni, ana mahali pa kuangukia.

4. Filamu ya *Troy* (2004) imebadilisha nini katika masimulizi ya kale? (alama 4)
- Miungu haishuki vitani. Binadamu ndio wanaobeba lawama ya maamuzi yao.
- Vita vya miaka kumi vimefupishwa sana ili msisimko usipoe.
- Achilles anaingia Troy ndani ya farasi na kufia mjini humo, ilhali katika mapokeo alikufa kabla ya hila hiyo. Hivyo mhusika mkuu anabaki hadi kilele.

Kubadilisha si kukosea. Eleza badiliko limezaa nini.

5. Linganisha farasi wa Troy na mkate wa Fumo Liyongo. (alama 6)
Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913, Liyongo, shujaa wa Waswahili, amefungwa gerezani Pate. Mama yake anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, anamtuma kijakazi Saada. Walinzi wanakula ile mizuri na kuudharau wa wishwa, ambao ndani yake mna tupa. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje, watu wanaitikia, na katika kelele hiyo Liyongo anakata minyororo.

*Kufanana:* hila imefichwa ndani ya kitu kisichotiliwa shaka, na tabia ya adui ndiyo inayomponza.
*Kutofautiana:* farasi alipendwa kwa fahari yake. Mkate ulipita kwa sababu ulidharauliwa. Farasi alileta maangamizi ya mji. Mkate ulimfungua mtu mmoja. Hila ya Troy ni ya jeshi. Ya Pate ni ya mama, kijakazi na wachezaji ngoma.

6. Masimulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa, mahali wanakosimulia kwamba walitoka, yana sifa gani za kitendi? (alama 4)
- *Mitihani isiyowezekana:* Nguo Ntune, waliowatawala Wameru, waliwataka watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili na mkuki wa kufika mbinguni.
- *Shujaa wa akili:* Koomenjwe anaongoza kwa werevu kama Odysseus, hategemei misuli.
- *Safari na muujiza:* wanatoroka na maji yanagawanyika wapite.
- *Asili ya jamii:* koo nyeusi, nyekundu na nyeupe huelezwa kupitia uvukaji huo.

Muulize babu au nyanya akusimulie. Masimulizi hutofautiana, na tofauti hizo ni hoja katika fasihi simulizi.

7. Je, kufanana kunathibitisha urejelezi? (alama 3)
La. Urejelezi huhitaji msanii anayekijua chanzo na kukikusudia. Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na nguvu za Lwanda Magere wa Waluo zilikuwa kivulini mwake. Udhaifu wa siri hupatikana kwa mashujaa wa jamii nyingi, basi usiseme wameigwa kutoka kwa Achilles. Hata jina pekee halitoshi: Homer Simpson wa vibonzo alipewa jina la babake Matt Groening, mtunzi wa vibonzo hivyo.

Jipime
(i) Buni jina la matatu ya Nkubu–Meru linalorejelea shujaa wa utendi wowote, ueleze linampa abiria ujumbe gani. (alama 2)
(ii) Kwa nini usaliti wa mtu wa karibu hufaa kumaliza maisha ya shujaa asiyeshindwa vitani? Tumia Liyongo, aliyeuawa na mwanawe. (alama 4)