SOMO LA ROBO HII: Kijana Aliyeanza Kupotea Tumweke na Nani?

Soma kwanza: Mithali 13:20



Mstari huu tunapenda kuwasomea vijana kama onyo. Lakini mara nyingi sisi watu wazima ndio tunaoamua kijana aketi na nani.

Tangu mpango wa MMES ulipoanza mwaka 2004, shule za sekondari za kata zimejengwa kwa wingi mkoani Dodoma, na mwaka 2016 ada ilifutwa. Tunamshukuru Mungu. Hata hivyo vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa viko mbalimbali. Pasipo na bweni, mtoto wa miaka 14 hupangishiwa chumba karibu na shule. Wenyewe wanakiita geto. Mzazi huleta unga, kisha hurudi kwake. Njaa ikibisha mwezi wa pili, kabla ya mavuno, mwenye chakula, simu au pikipiki ndiye anakuwa baba.

Utoro ukianza tunafanya nini? Tunaandika majina ya wakorofi. Wanaitwa pamoja, wanafanyiwa semina pamoja, wanachimba shimo la taka pamoja. Nia ni njema, lakini tumewaundia kundi.

Jambo hili limechunguzwa. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1939 ulianzishwa mpango wa kuwasaidia wavulana kwa ushauri, masomo ya ziada na kambi za kiangazi. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia, akakuta waliosaidiwa hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasiosaidiwa. Katika mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi. Mwaka 1999 yeye, Thomas Dishion na François Poulin walieleza kuwa madhara yalionekana hasa kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Wakorofi wakikaa peke yao, hadithi ya ukorofi hupata kicheko, na kicheko kwa kijana ni zawadi.

Basi tuwatawanye. Mmoja, au wawili kwa zaidi, aingizwe katika kikundi ambacho tayari kina watu na kazi: kwaya, skauti, timu ya mpira, klabu ya Fema, UKWATA au TYCS. (Kijana Mwislamu, na Kondoa wako wengi, ana TAMSYA, msaada wetu usiwe mtego wa kumbadilisha dini.) Mwalimu mlezi azungumze kwanza na viongozi wa kikundi, ili mgeni asipokelewe kwa minong'ono. Apewe kazi siku ya kwanza: kubeba ngoma, kutunza jezi, kumwagilia miti. Asiyekuwa na kazi hukaa nyuma, na nyuma ndiko wenzake wa zamani wanakompungia mkono.

Kamwe kwaya isiwe adhabu. Kijana akiambiwa "kaimbe kwa sababu umetoroka", ataimba wiki mbili tu.

Tena kikundi cha saa moja hakishindi geto la usiku mzima. Hapa akina mama wa kanisa wana nafasi: mmoja anayeishi jirani apite jioni, aulize wamekula nini.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kata yenu, wanafunzi wangapi wanaishi geto? Nani anajua majina yao?

2. Kwaya yenu ilimpokea lini mara ya mwisho kijana ambaye hakujua kuimba?

3. Mwezi wa pili, nani atachangia mahindi ya chakula cha mchana shuleni?