SHOKAPU ZA PIKIPIKI: PIMA KWANZA

Shokapu za mbele zikipinda, fundi huleta za pikipiki nyingine inayofanana na yako. Zitafaa? Mwambie apime mbele yako.

1. Unene. Bomba la milimita 30 halikazi kwenye kishikio cha milimita 31.
2. Urefu. Zikiwa fupi, pikipiki huinama mbele, usukani unayumba.
3. Ekseli na breki. Shokapu ya breki ya ngoma haina pa kufungia breki ya diski.
4. Badili zote mbili. Tia oili kiasi sawa kila upande.

Bomba likichomoka ukiteremka Kitonga na mzigo, hakuna wa kukuokoa.

Zoezi: Andika daftarini vipimo vya pikipiki yako. Nenda navyo dukani.