Ziara ya Shatiba: Mji Uliochomwa na Ilimu Iliyosalia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Qurani Tukufu imewaamrisha watu, mahali pengi, kwenda katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Kutazama huko si kwa macho peke yake. Ni kwa moyo wenye kuzingatia. Na katika miji inayostahili kutazamwa hivyo ni Shatiba, uliopo mashariki ya nchi ya Uspania, karibu na pwani ya Bahari ya Kati. Waspania wauita Játiva, na wenyeji wake wauita Xàtiva.

FASILI YA KWANZA: MJI NA MAHALI PAKE

Mwenye kuuzuru mji huu hutoka Valencia, akashika njia ya kusini kadiri ya kilomita 60. Jambo la kwanza litakalomkabili ni ngome mbili zilizounganishwa kwa kuta ndefu juu ya mlima, na mji umelala chini yake. Mahali palipokuwa msikiti mkubwa wa Ijumaa pana kanisa kubwa, ambalo jengo lake la sasa lilianzwa mwaka 1596. Katika nyumba ya makumbusho iitwayo Almodí, jina litokalo katika neno la Kiarabu la kipimo cha nafaka, limewekwa birika la marumaru la karne ya 11, lililochorwa watu na wanyama. Athari nyingine za Waislamu zilizosalia ni chache, na mwenye kutaka majumba yao makubwa hayapati hapa kama ayapatavyo Granada.

FASILI YA PILI: KARATASI ZA SHATIBA

Zamani za Waislamu mji huu ulikuwa na sifa kwa kazi moja kuliko zote, nayo ni kutengeneza karatasi. Sharifu Al-Idrisi, katika kitabu chake cha jiografia alichokimaliza mwaka 548 (1154), amezisifu karatasi za Shatiba kuwa hazina mfano wake, na kwamba zikipelekwa mashariki na magharibi. Mafundi wakichukua matambara ya kitani na kamba kuukuu, wakayaponda majini hata yakawa kama uji, wakayachuja, wakayaanika, kisha wakayapaka wanga ili wino usienee. Tambara lililotupwa likawa waraka wa kuandikiwa Qurani na Hadithi. Hapa ndipo mahali pa mwanzo panapojulikana sana kwa kazi hiyo katika bara la Ulaya.

Si ajabu basi kuwa mji wenye karatasi ukawa mji wa maulamaa. Ibn Hazm wa Kurtuba alikaa hapa baada ya fitina za mji wake, na hapa alitunga kitabu chake mashuhuri cha Tauqu-l-Hamama. Hafidh Ibn Abdil-Barr, bingwa wa Hadithi, alifariki hapa mwaka 463 (1071).

FASILI YA TATU: IMAMU KIPOFU

Lakini aliyelifanya jina la Shatiba lisisahauliwe ni mtu asiyeweza kuisoma karatasi hata moja kwa macho yake. Naye ni Imamu Al-Qasim bin Firruh Ash-Shatibi, aliyezaliwa hapo mwaka 538 (1144), naye alikuwa kipofu. Firruh, jina la baba yake, katika lugha ya wenyeji wa Andalus maana yake ni chuma. Alisoma visomo vya Qurani katika mji wake, kisha akaenda Valencia, akakihifadhi kitabu cha At-Taysir cha Imamu Abu Amr Ad-Dani. Huyu Ad-Dani alifariki mwaka 444 (1053) katika mji wa Denia, bandari isiyokuwa mbali na Shatiba.

Yasimuliwa kuwa Ash-Shatibi alitakiwa awe khatibu wa mji wake. Na makhatibu wa zama zile wakilazimishwa kuwasifu watawala juu ya mimbari kwa sifa zisizoruhusiwa na Sheria. Akajiudhuru kwa kuwa ameazimia kwenda Hija, akatoka, wala hakurudi tena. Akakaa Misri, na Al-Qadhi Al-Fadhil, waziri wa Sultani Salahuddin, akamweka kuwa mwalimu katika madrasa yake ya Cairo. Hapo alifundisha hata alipofariki mwaka 590 (1194), akazikwa chini ya jabali la Muqattam.

Kazi yake kubwa ni utenzi wa Hirzu-l-Amani, uitwao Ash-Shatibiya, wenye beti 1173. Ndani yake ameikusanya ilimu ya At-Taysir, yaani visomo saba vya Qurani. Ili beti zisirefuke, kila msomaji na kila mpokezi wake amempa herufi moja: Nafii ni alifu, Asim ni nuni, Hafsi ni ayni. Hivyo herufi moja katika neno humwonyesha mwanafunzi ni nani asomaye hivi na ni nani asomaye vile. Mwanafunzi wake As-Sakhawi aliuchukua utenzi huo hata Damascus akaufasiri, na toka hapo ukaenea.

FASILI YA NNE: KUONDOKA KWA WAISLAMU

Mwaka 1244 mji ulisalimishwa kwa Mfalme Jaime wa Aragon kwa mkataba. Baadaye Waislamu wakatolewa ndani ya kuta wakakaa kitongojini, na mafundi wao wakaendelea kutengeneza karatasi, na juu yake ziliandikwa daftari za mfalme yule yule. Katika karne ya 16 Waislamu wa Valencia walilazimishwa kubatizwa. Kisha mwaka 1018 (1609) Mfalme Felipe wa Tatu akatoa amri ya kuwahamisha wote walio wazao wao, na majahazi ya kwanza yalitweka kutoka bandari ya Denia, mji ule ule aliozikwa Imamu Ad-Dani.

Wala balaa halikuwapata Waislamu peke yao. Mwaka 1707, katika vita vya kugombea ufalme, majeshi ya Felipe wa Tano yaliuchoma mji huu, naye akalifuta hata jina lake, ukaitwa San Felipe. Jina la kale lilirudishwa katika karne ya 19. Hata leo wenyeji huitwa jina lenye maana ya walioungua, na picha ya mfalme huyo katika Almodí imetungikwa kichwa chini miguu juu.

MAZINGATIO

La kwanza: Msikiti ulibomolewa, watu walihamishwa, viwanda vya karatasi vilikoma, na jina lilifutwa. Kilichobaki ni kile alichokitia kipofu vifuani mwa wanafunzi wake. Ilimu isiyofundishwa hufa na mwenyewe, na ilimu iliyofundishwa haichomwi kwa moto.

La pili: Imamu aliiacha mimbari ya mji wake asiutumie ulimi wake kwa uwongo, na Mwenyezi Mungu akampa badali yake wasomaji wa dunia nzima. Na atazame kila khatibu asemalo.

La tatu: Mtoto akaaye juu ya mkeka katika chuo cha pwani, akisoma kwa riwaya ya Hafsi kutoka kwa Asim, mara nyingi husomeshwa kwa njia ya Ash-Shatibiya. Basi amekaa na Shatiba mdomoni mwake, ijapokuwa hajapata kulisikia jina lake. Baba yake asiilie Andalus na huku mtoto hampeleki chuoni, wala mwalimu wake hamtazami.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ash-Shatibi na waalimu wake, na azijaalie nyumba za Waislamu kuwa nyumba za Qurani. Amin.