Mashine Inaposimama

Bwana Mhariri,

Nilipokuja kuitembelea shule yetu, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Kaka, kazi ya mashine ina elimu gani? Si kubonyeza kifungo tu?" Basi langu lilikuwa karibu kuondoka, nikacheka tu. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu kama ipasavyo.

Mimi huendesha mashine za kufuma nguo katika kiwanda kimoja hapa Uganda. Tazama shati ulilovaa, utaona nyuzi za namna mbili. Zile ziendazo kwa urefu huitwa mtande, na ule unaozipita kwa upana huitwa mshindio. Kabla ya kufumwa, mtande hupakwa uji wa wanga ili nyuzi zisichakae kwa kusuguana. Hewa ya chumbani nayo hutiwa unyevunyevu, kwa maana uzi wa pamba ukikauka sana hukatika upesi.

Mashine yangu hufanya mambo matatu. Kwanza huzitenga nyuzi za mtande, nyingine juu na nyingine chini, pakawa na njia katikati. Pili hurusha katika njia hiyo kibao chenye ncha za chuma, ambacho tumboni mwake mna uzi wa mshindio. Tatu, kitana kirefu cha chuma huusukuma uzi ule ukakazana na wenzake. Kisha nyuzi za juu hushuka, za chini hupanda, na kibao hurudi kilikotoka. Hayo yote hutendeka zaidi ya mara 100 kwa dakika.

Zamani mfumaji alikipitisha kibao kwa mkono. Mwaka 1733 John Kay wa Uingereza alivumbua njia ya kukirusha, na mwaka 1785 Edmund Cartwright alipata hati ya mashine ya kufuma isiyotegemea mikono. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mashine yake iliyojisimamisha uzi ulipokatika. Siku hizi mashine nyingi mpya hazina kibao kabisa. Huupitisha mshindio kwa nguvu ya hewa, au maji, au kwa fimbo.

Sasa, ndugu yangu, shika hili la kujisimamisha. Kila uzi wa mtande huning'iniza kibati chembamba cha chuma. Uzi ukikatika, kibati huanguka, na mashine husimama. Hapo mwendeshaji huutafuta uzi uliokatika, huufunga fundo dogo, huupitisha mahali pake, ndipo huiwasha tena. Mashine husimama mara nyingi kwa zamu moja, na sisi tulilipwa kwa yadi tulizofuma.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na deni la karo ya mdogo wangu. Niliona kila kusimama kwa mashine ni shilingi zinazopotea. Siku moja nilikizuia kile kifaa cha kuisimamisha, mashine ikaenda bila kupumzika, nami nikafurahi. Baada ya muda uzi mmoja ulikatika, ukajisokota na jirani zake, na njia ya kibao ikazibika. Kibao kilipofika hapo kiliruka nje kama jiwe la kombeo, kikampiga mwenzangu wa mashine ya pili juu ya jicho. Alianguka, damu ikamfunika uso.

Nyapara, mzee wa miaka mingi kazini, alizima mashine, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mwanangu, nani aliifunga mdomo?" Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ni mimi, mzee." Nilikatwa mshahara, na nguo ile yote ikatupwa. Mwenzangu alishonwa, na kwa rehema ya Mungu jicho lake likapona, ila kovu lipo. Kila siku nikifika kazini naliona kabla sijaiona mashine yangu.

Mzee yule aliniambia neno ambalo sijalisahau: mashine inaposimama haikuibii, inakuambia ukweli kabla mambo hayajaharibika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi, kijana wangu, elimu ya mashine ndiyo hiyo. Kifungo hubonyezwa na yeyote. Kazi ni kujua kwa nini imesimama, na kuwa na subira ya kutengeneza kilichokatika. Nawe darasani, hesabu ikikukwama, usiiruke ili uwahi kumaliza ukurasa. Simama, tafuta uzi uliokatika, ufunge, kisha endelea.

Salamu kwa walimu na wanafunzi wote.

Mimi, mwanafunzi wenu wa zamani